Kilichomo Ndani ya Kopo

Ni nadra siku hizi kuiona nyumba isiyo na kopo la mafuta ya kujipaka. Mama huyatumia, binti huyatumia, na baba naye, ijapokuwa hapendi kukiri, huyatafuta visigino vinapompasuka. Fedha zitokazo mifukoni mwetu kwa ajili ya makopo na chupa hizi si haba. Lakini mwulize mnunuzi ni kitu gani khasa alichokinunua: atakutajia jina la kampuni, au rangi ya kopo, au uso wa yule bibi aliyechapwa juu yake. Kilichomo ndani hakijui.

Hili ni jambo la kustaajabisha. Mama aendaye sokoni hufunua shavu la samaki alitazame kabla ya kutoa pesa yake. Embe hulibonyeza, na unga huunusa. Mama huyo huyo akiingia duka la vipodozi huchukua kopo asilolijua, akaenda kumpaka mwanawe mwili mzima. Samaki mbovu humwumiza mtu siku moja au mbili. Mafuta mabaya yaweza kumwumiza miaka, na mengine hayaishii kwenye ngozi, bali hufika mpaka kwenye figo.

Kwa hiyo tumeona yafaa mwezi huu tuzungumze na wasomaji wetu juu ya namna ya kuchagua mafuta ya ngozi. Shauri letu ni moja, na yote yatakayofuata ni maelezo yake: usinunue picha, wala usinunue jina, nunua kile kilichomo ndani. Na kama huwezi kujua kilichomo ndani, usinunue kabisa.

Ngozi na kazi yake

Kwanza yatupasa tuijue ngozi yenyewe. Tabaka yake ya juu kabisa yafanana na ukuta wa mawe na chokaa. Mawe ni chembe zilizokauka, na chokaa ni mafuta ya asili yaliyo baina yao. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo na uchafu wa nje hauingii. Chokaa ikipungua, kwa sabuni kali, au kwa uzee, au kwa baridi kavu, maji huvuja, na ngozi hukauka, huwasha na kupasuka.

Chini ya ukuta huo zimo chembe zitengenezazo rangi. Watu weusi na weupe wana chembe hizo kwa idadi iliyo karibu sawa. Tofauti ni wingi wa rangi inayotengenezwa na namna inavyotandazwa. Rangi hiyo ni mwavuli. Huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua isiharibu mbegu za chembe zilizo chini yake. Basi mtu ajitoaye weusi kwa dawa hajavua nguo chafu. Amevua mwavuli wake jua likiwa utosini.

Soma orodha ndogo

Kopo lolote lililotengenezwa kwa uaminifu lina maandishi ya namna mbili. Yako makubwa, ya mbele, nayo ni ya kumvuta mnunuzi. Yako madogo, ya nyuma au ya chini, nayo ndiyo orodha ya vitu vilivyochanganywa, au viambato kama waitavyo wataalamu. Hayo madogo ndiyo yenye khabari.

Orodha hii ina kanuni yake. Kitu kilicho kingi kuliko vyote huandikwa kwanza, kisha kinachokifuata kwa wingi, na kuendelea hivyo. Vile ambavyo havifiki asilimia moja huweza kuandikwa mwishoni kwa utaratibu wowote. Katika losheni nyingi neno la kwanza ni 'Aqua', yaani maji. Hilo si kosa, maana losheni ni maji na mafuta yaliyoshikamanishwa. Lakini kopo likijisifu mbele kwa herufi kubwa kwamba lina asali au mshubiri, nawe ukavikuta vitu hivyo mwisho wa orodha, nyuma ya manukato na dawa ya kuzuia uozo, fahamu kuwa umeuziwa jina la asali tu.

Hata hivyo mtu asiitumie kanuni hii kwa upofu. Viko viambato vitendavyo kazi vikiwa kidogo sana, na kuvizidisha ni madhara. Dawa ni kipimo. Mfano mzuri ni benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi. Ile ya asilimia mbili na nusu imeonekana kufanya kazi sawa na ile ya asilimia kumi, na mwasho wake ni mdogo. Mwenye kukimbilia namba kubwa huambulia uso uliobabuka. Tena na aangalie mto wake na mitandio yake, kwani dawa hii huondoa rangi ya nguo.

Vitu vyenye kufaa

Sasa tuvitaje baadhi ya vitu vilivyothibitika, kila kimoja na kazi yake, ili msomaji ajue atafute nini.

Kwa ngozi kavu, kitu cha kwanza ni kile kinachozuia maji yasitoke. Katika kazi hii ni vichache sana vinavyoshindana na vaselini ya kawaida, ile ambayo Robert Chesebrough aliipatia hati ya ubunifu nchini Marekani mwaka 1872. Ni rahisi, haiozi upesi, na mara chache sana humdhuru mtu. Kitu cha pili ni kile kinachovuta maji na kuyashika, na maarufu wake ni glisirini. Cha tatu ni yurea. Ikiwa asilimia tano hadi kumi, hulainisha ngozi ya mwili. Ikiwa asilimia ishirini na zaidi, hulainisha visigino vilivyokuwa vigumu kama gome la mti, wala haifai kupakwa usoni.

Wakati wa kupaka una maana kuliko bei. Mafuta hayaongezi maji, bali huyazuia yaliyopo. Basi yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, mara baada ya kuoga. Nasi tunaotia udhu mara kwa mara kila siku, ngozi za mikono na miguu yetu hukauka zaidi. Mwenye visigino vilivyopasuka na apake mafuta mazito usiku, baada ya sala ya Isha, kisha avae soksi na alale.

Mafuta ya nazi, rafiki wa bibi zetu, hayakuwa na sifa ya bure. Mwaka 2004 madaktari wa Ufilipino walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu wenye ngozi kavu, wengine wakipaka mafuta ya nazi na wengine mafuta safi ya madini, kwa wiki mbili. Yote mawili yaliponya kwa kiasi kilicho sawa. Lakini mwenye chunusi asiyapake usoni, kwa kuwa huziba matundu. Ama mafuta ya zeituni, heshima yake mezani haina mjadala; juu ya ngozi ni khabari nyingine. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2013 ulionyesha kuwa kuyapaka kulidhoofisha ule ukuta tulioutaja, hali mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Kwa hiyo hatushauri mtoto mchanga mwenye ngozi kavu asugulie mafuta ya zeituni kila siku.

Kwa chunusi, mbali na ile benzoili peroksaidi, iko asidi ya salisili, ya nusu hadi asilimia mbili, ambayo huzibua matundu. Ziko pia dawa zitokanazo na vitamini A, zenye nguvu kubwa. Hizo zafaa kwa ushauri wa daktari, na mwanamke mwenye mimba asizitumie.

Kwa madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi au ukurutu, viko viambato viwili vya upole: niasinamidi, ambayo ni namna ya vitamini B, ya asilimia nne au tano, na asidi ya azelaiki. Hivi hupunguza madoa bila kuichubua ngozi nzima. Vyote viwili ni vya polepole, na hatutaki kumficha msomaji jambo hilo. Ngozi huchukua majuma kadhaa kujibadilisha, na doa la miezi sita haliondoki kwa siku sita. Anayekuahidi weupe ndani ya juma moja ana kitu ndani ya kopo asichotaka ukijue.

Lakini dawa hizi zote za madoa ni kazi bure ikiwa jua halizuiwi, maana jua hurudisha usiku ulichofuta. Mafuta ya kukinga jua hupimwa kwa namba. Yenye namba 15 huzuia kama asilimia 93 ya miale iunguzayo, yenye 30 kama asilimia 97, na yenye 50 kama asilimia 98. Kwa hiyo tofauti ya 30 na 50 ni ndogo kuliko bei inavyodai. Kubwa ni kupaka kwa wingi na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Katika orodha tafuta oksidi ya zinki au dioksidi ya titani. Kwa madoa ya mtu mweusi, yale mafuta yenye rangi kidogo, yaliyotiwa oksidi ya chuma, ni bora zaidi, kwa sababu hata mwanga wa kawaida uonekanao kwa macho huyazidisha madoa hayo.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino mafuta haya ni kinga ya saratani na ya uhai wenyewe. Moshi, palipo na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Hapo kiambato sahihi na kipimo sahihi vimewekwa mahali panapostahili.

Vitu vya kuogopwa

Tumefika mahali pazito. Viko vitu vitatu ambavyo mwenye nyumba yampasa avijue kwa majina, kwa kuwa ndivyo vitiwavyo katika mafuta ya kujichubua na katika ule mkorogo uuzwao kwa vikopo visivyo na jina.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi isitengeneze rangi, na kwa hiyo weupe huonekana upesi. Lakini zebaki hupenya na kuingia katika damu, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa khabari ya wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu ya figo kuvujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia mafuta ya kujing'arisha yenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu walipoyaacha. Tena zebaki haimdhuru mpakaji peke yake. Hubaki katika taulo na shuka, huruka kuwa mvuke ndani ya chumba, na mtoto anayebebwa na mama yake huipata kwa kumgusa. Aliyemo tumboni naye hasalimiki.

Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliotiwa sahihi Japani mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Minamata ulioteswa na sumu hiyo, uliamuru kwamba baada ya mwaka 2020 pasitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa hata ile sehemu moja, na mwisho ukawa mwaka 2025. Pamoja na hayo wapimaji wamekuta madukani makopo yenye maelfu ya sehemu. Katika orodha, kitu hiki huandikwa 'Mercury', au 'Calomel', au 'Hg'. Aghalabu hakiandikwi kabisa. Ukiona onyo kwamba mafuta yasigusane na dhahabu au fedha, hiyo ni ishara, kwani zebaki huharibu madini hayo.

Cha pili ni haidrokwinoni, iandikwayo 'Hydroquinone'. Madaktari wa ngozi huitumia kwa kipimo, kwa miezi michache, kwa mgonjwa wanayemwangalia. Balaa ni kuipaka miaka nenda miaka rudi bila ya msimamizi. Madaktari wa Afrika Kusini waliandika mwaka 1975 juu ya ugonjwa unaotokana nayo: mashavu hufanya mabaka ya rangi ya samawati na weusi, magumu, ambayo kuyaondoa ni taabu kubwa mno. Tazama basi mzaha huu: aliyeukimbia weusi hurudishiwa weusi mwingine, mbaya kuliko wa kwanza. Nchi hiyo iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.

Cha tatu ni dawa za jamii ya steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa za kweli za ukurutu na maradhi mengine, na katika mkono wa daktari zina msaada mkubwa. Zikipakwa uso mzima na mwili mzima kila siku, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, huchanika michirizi, huota chunusi na nywele, na kidonda hukawia kupona. Mwili nao huweza kuzoea mpaka tezi zake zikaacha kutengeneza homoni yake. Akiacha ghafula, mtu huugua. Kwa hiyo aliyekwisha kuzitumia muda mrefu asiache kwa siku moja na kujificha nyumbani. Aende hospitali na kopo lake mkononi, aseme kweli. Daktari hapo hamhukumu, anatafuta dawa.

Vitu vitatu hivi havina ruhusa katika vipodozi vya dukani, Tanzania na Kenya pia. Tanzania Bara msimamizi tangu mwaka 2019 ni Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa. Na Kenya ni Shirika la Viwango la huko, KEBS. Yafaa kutafuta alama zao juu ya kopo, na kuwapelekea khabari unapoona la mashaka.

Maswali ya nyumba zetu

Wako wauliza juu ya neno 'alcohol' katika orodha. Yafaa wajue kuwa neno hilo katika kemia lina maana pana. 'Cetyl alcohol' na 'Stearyl alcohol' ni namna ya nta nyeupe, hailewi wala haikaushi, bali hulainisha. 'Alcohol denat.' ndiyo spiriti yenyewe, nayo ikiwa mwanzoni mwa orodha hukausha ngozi. Glisirini nayo hupatikana kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, na orodha mara nyingi haisemi ni ipi. Mwenye kutaka yakini aulize kampuni, au atafute kopo lililoandikwa kuwa ni la mimea. Kolajeni hutoka kwa wanyama au samaki. Nayo, ikipakwa, ni kubwa mno kuingia ndani ya ngozi. Hulainisha juu tu, kazi ambayo glisirini huifanya kwa bei ndogo. Hukumu za sharia tunawaachia wanachuoni. Sisi tumeeleza kilichomo.

Na kabla hatujatoka, neno juu ya arusi zetu. Hina safi hutoa rangi ya wekundu na udongo, tena huhitaji saa kadhaa. Haitoi weusi wa makaa. Weusi huo wa upesi hutoka katika piko, ambayo ni dawa ya nywele, na ndani yake mna kitu kiitwacho PPD. Kikipakwa juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge na makovu ya umbo la ua lile lile lililochorwa, na aliyedhurika mara moja huweza kubaki na uadui na kitu hicho maisha yake yote, hata katika kupaka nywele rangi. Bibi arusi hahitaji zawadi ya namna hiyo, wala mtoto wa miaka mitano anayetaka kufanana naye.

Namna ya kuanza

Ukishachagua, jaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kila siku, kwa siku saba. Kama hapawashi wala kuvimba, endelea. Usianze vitu vitatu kwa pamoja, maana likitokea dhara hutajua mkosaji ni nani. Mwenye ngozi nyepesi kuudhika aepuke manukato. Tazama pia alama ya kopo lililofunguliwa kifuniko, yenye namba kama 12M. Maana yake ni miezi kumi na miwili tangu siku ya kulifungua.

Wasomaji wetu watukufu, nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya vitu vitatu: sabuni ya upole, mafuta ya kuzuia ukavu, na kinga ya jua kwa mwenye kuihitaji. Kingine chochote kiwe na ugonjwa wake wa kukidai. Kuuliza si ujinga, wala kusoma maandishi madogo mbele ya mwenye duka si utovu wa adabu. Akikasirika kwa kuulizwa kilichomo, mrudishie kopo lake. Na binti atakapokuuliza ni mafuta gani yatakayomfanya mweupe, mwambie kuwa rangi yake ni mwavuli aliofunikwa nao tangu kuzaliwa, kisha mkae pamoja mezani, mkalisome kopo lake herufi kwa herufi.